Kanuni mpya ya Google: TCRA iulize maswali kabla ya 2027

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuzungumzie jambo litakalomgusa kila mwenye simu ya Android mkoani Kigoma, ingawa mpaka sasa linajadiliwa na watengeneza programu peke yao. Agosti 2025 kampuni ya Google ilitangaza kwamba simu za Android ilizoziidhinisha zitakataa kusakinisha programu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili Google kwa jina lake halisi. Haihusu Play Store tu. Inahusu hata programu uliyorushiwa na jirani kwa Xender, uliyowekewa na fundi kutoka kwenye memori kadi, au uliyoipakua kwenye tovuti ya aliyeitengeneza. Utaratibu unaanza Septemba 2026 Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na kuanzia 2027 unasambazwa nchi nyingine duniani. Tanzania imo humo.

Simu zilizoidhinishwa ni karibu zote zinazouzwa madukani hapa mjini, kuanzia itel ya bei ya chini hadi Samsung. Anayetaka kuhakikisha afungue Play Store, aguse picha ya akaunti yake, aende Mipangilio kisha Kuhusu. Chini kabisa ataona kama simu yake imethibitishwa na Play Protect, kinga ya usalama ya Google iliyomo kwenye simu. Ikiwa imethibitishwa, kanuni hii inamhusu.

Hoja ya Google ni usalama, na si hoja ya kupuuza. Kampuni inasema uchambuzi wake ulikuta programu hasidi zaidi ya mara 50 kwenye vyanzo vya mtandaoni nje ya Play Store kuliko ndani ya Play Store. Tunaokaa karibu na mafundi simu tunajua kuna faili za APK, yaani faili za kusakinishia programu za Android, zinazosambaa kwenye makundi ya WhatsApp ambazo kazi yake ni kusoma ujumbe mfupi wa benki. Lakini tuangalie jinsi watu wetu wanavyoibiwa hasa. Wizi uliozoeleka ni ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao hauhitaji programu yoyote. Serikali ilianza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019 na kuweka ukomo Januari 2020, ikitumia kitambulisho cha NIDA. Ulikuwa usajili wa kitambulisho na kidole, mzito kuliko huu wa Google. Hata hivyo taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) za kila robo mwaka bado zinaorodhesha majaribio ya ulaghai kwa mikoa, Rukwa na Morogoro zikitajwa mara kwa mara juu. Tapeli hutafuta laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Atatafuta na akaunti ya mtengeneza programu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Mfano wa pili ni mikopo ya mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Programu za aina hii ndizo zilizokuwa zikichukua orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia ndugu zake kumdhalilisha. Google yenyewe ililazimika kuweka sheria, iliyoanza kutumika mwishoni mwa Mei 2023, ya kuzuia programu za mikopo binafsi zilizomo Play Store zisiguse majina na picha za mteja. Sheria hiyo isingehitajika kama tatizo lingekuwa nje ya duka tu.

Sasa tueleze usajili wenyewe, maana wengi wanasema "si kujaza fomu tu". Mtengenezaji anatakiwa kutoa jina la kisheria, anwani, barua pepe na namba ya simu, na kuthibitisha utambulisho wake kwa kitambulisho cha serikali. Ada ni dola 25, zaidi ya shilingi 60,000, sawa na ile ya kufungua akaunti ya Play Store, ambayo hulipwa mara moja. Ukisajili taasisi, iwe kampuni iliyoandikishwa BRELA au chama cha ushirika, unatakiwa pia kuwa na namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha biashara, inayotolewa na Dun & Bradstreet, pamoja na tovuti unayothibitisha kuwa ni yako. Namba hiyo hupatikana bure lakini huweza kuchukua hadi siku 30. AMCOS nyingi (vyama vya ushirika vya mazao) za kahawa Buhigwe na Kasulu hazina tovuti na hazijawahi kusikia D-U-N-S.

Penye kukwama ni padogo padogo. Kadi za malipo ya kabla hazipokelewi kulipia akaunti ya Play, kwa hiyo kadi ya mtandaoni inayotolewa na pochi ya simu huweza kugoma hata kama ina salio. Ni heri kutumia kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni. Jina nalo ni mtego. NIDA imekuandika majina matatu, benki imekuandika mawili, na wasifu wako wa malipo wa Google unabeba lile ulilojaza ukiwa sekondari. Yasipolingana, uthibitisho unakataliwa. Sahihisha wasifu wa malipo kwanza, uandike majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha ndipo upakie picha ya kitambulisho. Anwani iandike kama ilivyo kwenye mfumo wa anwani za makazi: namba ya nyumba, jina la mtaa na postikodi, ambayo kwa mkoa huu inaanza na 47. Ukiandika "S.L.P." peke yake huenda ukarudishwa.

Baada ya mtu kusajiliwa, programu nayo inasajiliwa. Kila programu ya Android ina jina la kifurushi na imetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri alionao mtengenezaji. Google inataka uoanishe jina hilo na alama ya ufunguo, yaani SHA-256, na uthibitishe kwa kupakia APK iliyotiwa sahihi kwa ufunguo huohuo. Hapa ndipo vijana wengi watakwama, na tunaomba wanaosoma barua hii waanze kujipanga leo.

Programu nyingi zinazosambazwa mikononi hapa kwetu zimetiwa sahihi kwa ufunguo wa majaribio ambao Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, huutengeneza yenyewe na kuuweka kwenye kompyuta, ndani ya folda ya .android, kwa jina debug.keystore. Kompyuta ikiibwa au ikipigwa fomati, ufunguo umekwenda. Kompyuta mpya itatengeneza mwingine, na mteja akijaribu kuweka toleo jipya juu ya lile la zamani simu itakataa, kwa sababu sahihi hazifanani. Dawa pekee inakuwa kuiondoa programu ya zamani, na kumbukumbu zilizokuwa ndani ya simu zinaondoka nayo. Kwa karani wa mnadani aliyeandika kilo za mawese za msimu mzima, hiyo ni hasara ya fedha za watu. Chini ya kanuni mpya mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa kuwa asiye na ufunguo hana cha kuthibitishia kwamba programu ni yake.

Kwa hiyo tengeneza ufunguo wa kudumu kwa amri ya keytool, aina ya RSA, biti 4096, na muda wa siku 10000, ambao ni zaidi ya miaka 27. Weka nakala mbili kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na nywila iandikwe kwenye karatasi isiyokaa pamoja na flashi. Kujua programu uliyokwisha kuisambaza ilitiwa sahihi kwa ufunguo upi, endesha apksigner verify --print-certs ukifuatisha jina la faili, kisha nakili mstari wa SHA-256. Jina la kifurushi lisianze na com.example, ambalo Play hulikataa. Tumia jina la kikoa unachokimiliki.

Wapo wanaotumia njia mbili kwa pamoja, Play Store na kurushiana. Hao wana tatizo lao. Tangu Agosti 2021 programu mpya Play Store hupokelewa katika muundo wa AAB, ambao Google huutumia kuzalisha APK, na Google ndiyo inayotia sahihi ya mwisho kwa ufunguo inaoushikilia. Usipochagua mwenyewe, Google itatengeneza ufunguo mpya, na programu ya Play itakuwa na sahihi tofauti na ile uliyoigawa kwa Bluetooth. Mtumiaji hawezi kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kuondoa ya kwanza. Wakati wa kujiunga na utaratibu wao wa sahihi, chagua kupakia ufunguo wako mwenyewe. Nafasi hiyo usiiache ipite mwanzoni. Tena, programu inayotoka Play hufika kwenye simu ikiwa vipande vipande kulingana na skrini na kichakato cha simu hiyo. Ukimrushia mwenzako kile kipande kikuu peke yake, kwake itagoma kuingia au itafunguka na kujifunga. Faili la kurushiana litengenezwe kwa zana ya Google iitwayo bundletool kwa hali ya universal, ambayo huweka kila kitu ndani ya APK moja. Ni zito zaidi, lakini linafanya kazi kwenye Tecno ya mwaka huu na itel ya zamani.

Kwa wanaotaka Play Store yenyewe, akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 hazitoi programu kwa umma mpaka wapatikane wajaribuji 12 wanaokaa kwenye jaribio siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20. Walipunguzwa Desemba 2024. Dar es Salaam kumi na wawili ni jioni moja chuoni. Kwenye kijiji cha wavuvi kila mjaribuji anatakiwa kuwa na Gmail anayoijua, na simu nyingi zina Gmail iliyofunguliwa na muuza simu siku ya kununua, mwenye simu haijui wala hana nywila yake. Kabla ya kuanza kuhesabu siku, mwombe kila mmoja afungue Play Store, aguse picha ya akaunti na akusomee barua pepe iliyoandikwa pale, herufi kwa herufi. Chukua watu 16 au 17, kwa kuwa mmoja akijitoa na ukabaki na 11, siku zako 14 mfululizo zimekatika.

Tumeeleza haya kwa urefu ili msomaji aone kwamba mtengenezaji wa kujitegemea ana mlango mwingine halali akishindwa Play Store: kumkabidhi mteja APK mkononi. Mlango huo ndio sasa unaowekewa mlinzi yuleyule.

Duka huria la F-Droid, lililoanza 2010, limeeleza wazi kwamba kanuni hii inaweza kulimaliza. Sababu ni ya kiufundi. F-Droid huchukua msimbo uliowekwa hadharani, huukagua, hujenga programu lenyewe na kwa sehemu kubwa huitia sahihi kwa funguo zake. Haliwezi kuwalazimisha watengenezaji waliotapakaa duniani wajisajili Google, wala haliwezi kusajili majina ya vifurushi vya watu wengine kana kwamba ni vyake. Ajabu yake, hili ni duka ambalo mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wa kila programu iliyomo. Uwazi huo unamlinda mtumiaji kwa namna ambayo picha ya kitambulisho haiwezi.

Na kuna mwelekeo. Android ilitoka 2008 ikiwa programu huria, chini ya leseni ya Apache 2.0, na kiini chake ni Linux. Kwa miaka mingi sehemu ya kazi yake ilifanyika hadharani. Kuanzia mwisho wa Machi 2025 Google ilihamishia kazi yote ndani, msimbo ukitolewa toleo linapokamilika. Juni 2025, Android 16 ilipotoka, mafaili ya kuwezesha simu za Pixel, zinazotengenezwa na Google, ambayo watengenezaji wa mifumo mbadala walizoea kuyapata hayakutolewa. Hakuna sheria iliyovunjwa, leseni inaruhusu. Lakini anayejenga juu ya kitu hicho anajua nafasi yake inapungua.

Hata aliye ndani ya Play Store hana uhakika. Nextcloud ni kampuni ya Ujerumani inayotengeneza programu huria ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe. Mwaka 2024 Google iliinyima programu yake ruhusa ya kufikia mafaili yote, ruhusa iliyokuwa nayo miaka mingi, hivyo watumiaji wakabaki kupakia picha na video tu. Ilirudishiwa Mei 2025, baada ya kampuni kulalamika hadharani na vyombo vya habari kuandika. Mwezi huohuo wa Desemba 2024 wajaribuji walipopunguzwa, toleo rasmi la Android la Syncthing, programu huria ya kuoanisha mafaili kati ya vifaa, lilisitishwa, na mtunzaji wake alitaja ugumu wa kuchapisha Play Store miongoni mwa sababu. Kampuni yenye wanasheria ilihangaika miezi. Kijana wa Kasulu akipata ujumbe wa kukataliwa ulioandikwa na mashine, atamwandikia nani?

Tuseme pia lililo jema. Google imewalipa wanafunzi wengi duniani kufanya kazi kwenye programu huria kupitia Summer of Code tangu 2005, na wahandisi wake wanachangia Linux kwa kiasi kikubwa. Novemba 2025, baada ya malalamiko, kampuni iliahidi akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza, itakayoruhusu idadi ndogo ya simu, na njia ya watu wenye uzoefu kusakinisha programu isiyothibitishwa kwa kukubali hatari. Tunayapokea yote mawili. Ila akaunti ya simu chache haiwasaidii wanachama mia tatu wa ushirika, na njia ya wenye uzoefu imekusudiwa kuwa ngumu ili anayeharakishwa na tapeli asiweze kuipita. Ugumu huohuo utamkuta mama wa dagaa pale Kibirizi ambaye hajaharakishwa na mtu.

Itabaki njia ya waya. Fundi atafungua Mipangilio, Kuhusu simu, aguse namba ya muundo mara saba, awashe utatuzi wa USB, aunganishe kompyuta na kuendesha amri ya adb install, inayosakinisha programu kupitia waya. Google imesema njia hii haitahitaji usajili. Inafaa mjini, penye fundi na kompyuta.

Jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote halijadiliwi kabisa. Simu itajuaje kwamba mtengenezaji amesajiliwa? Itauliza seva. Maelezo ya kiufundi ya Android kwa watengenezaji yanataja kukosekana kwa mtandao miongoni mwa sababu za ukaguzi kushindikana. Watu wa mwambao wa Uvinza hurushiana programu kwa Xender kwa sababu bando ni ghali na mtandao hushika kwa kubahatisha. Kama hata programu iliyosajiliwa kihalali, kwa dola 25 na kitambulisho cha NIDA, itagoma kuingia kwa kuwa simu haikupata mtandao dakika ile, basi kurushiana kumekufa kule ambako kunahitajika kuliko kwingine kote.

Kwa hiyo tunaziomba taasisi tatu zisisubiri 2027. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ina sheria ya 2022 mkononi. Iulize vitambulisho vya Watanzania vitakavyopakiwa vitahifadhiwa nchi gani, kwa muda gani, na nani ataruhusiwa kuviona. Tume ya Ushindani iulize kwa nini mwenye duka moja ndiye atoe kibali kwa wanaouza nje ya duka lake; baraza la wazee wa mahakama San Francisco liliamua Desemba 2023 katika kesi ya kampuni ya michezo ya kompyuta Epic Games kwamba Google ilijijengea ukiritimba kwenye soko la programu za Android, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono Julai 2025. Tunapendekeza ukaguzi ubaki kuwa onyo lililoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, likisema mtengenezaji hajulikani, na mwenye simu aachiwe uamuzi palepale.

TCRA tunaiomba ifanye jaribio kabla ya kuzungumza na kampuni. Inunue simu mpya tatu za bei tofauti, zilizofungwa kanuni hii, kutoka soko ambako imeanza. Itafute APK moja iliyosajiliwa kihalali lakini isiyo maarufu, si WhatsApp wala Facebook. Izime data na Wi-Fi, irushe faili kwa Bluetooth, isakinishe, na iandike ujumbe unaotokea neno kwa neno. Irudie ikiwa data imewashwa, na mara ya tatu kwa APK isiyosajiliwa. Matokeo yachapishwe kwenye magazeti, pamoja na majibu ya Google.

Ni sisi,
Watengeneza programu wa kujitegemea,
Ujiji, Kigoma.